Ankara Kutoka kwa Baba

Nikiri mapema nisije nikaonekana mwema: nilimtumia mteja ankara ya ujenzi kwa jina la baba, na baba tulikuwa tumeshamzika siku arobaini na tisa.

Sikupanga. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila aliyeuliza, na robo tatu yake ni kweli.

Baba alikuwa mkandarasi mdogo, wa aina ile ambayo ofisi ni chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Nguvumali, karani ni yeye mwenyewe, na mlinzi ni paka. Kazi ya mwisho aliyoiacha ilikuwa nyumba ya wageni kule Mabawa, ya mzee mmoja ambaye siku ya mazishi alishika mbele ya jeneza na hakukubali kupokewa. Kuta zilikwisha, paa likakwisha. Kilichobaki ni kulipwa.

Mama alikuwa edani, kwa hiyo hatoki. Biashara aliiendesha nyuma ya pazia, kwa simu yake na kwa miguu yangu. Ankara ya kwanza aliiandika mwenyewe kwenye programu ya hesabu ya baba, akaweka jumla moja tu chini. Mhasibu wa mzee akairudisha siku hiyo hiyo: VAT ionekane kwenye mstari wake, na bei kabla ya kodi ionekane juu yake, la sivyo halipwi mtu.

Mafundi nao hawakuwa na subira ya wahasibu. Fundi mkuu, Msambaa mmoja mpole ambaye Jumapili huimba kwaya, alinikuta barazani natoka shule.

"Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kamwambie shemeji sisi si majini. Tunakula."

"Mama anasema wiki hii."

"Wiki hii ya mwezi gani?"

Mama alikuwa nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Nilisikia tu kisu chake kikisimama katikati ya kitunguu.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, nikakaa kwenye kiti cha baba. Akaunti ya mama ilikuwa na ruhusa ya kuandika ankara, lakini sehemu ya kodi ilikuwa imefungwa. Ilifunguka kwa akaunti ya baba peke yake. Neno lake la siri nililijua tangu darasa la sita, kwa sababu ambazo hazihusiani kabisa na kodi. Nikaandika. Programu ikanikaribisha kwa jina lake, ikanionyesha na mara ya mwisho alipoingia: asubuhi ya siku aliyofariki, saa moja na dakika kumi. Saa tatu ndipo tulipopigiwa simu kutoka kwenye jengo.



Ndani kulikuwa na ankara ambayo haijamalizika. Ya mzee. Saruji, nondo, kokoto, mabati, kila kitu na mstari wake. Mstari wa mwisho aliandika "Ufundi", na pembeni hakuna tarakimu, kama mtu aliyeinuka mara moja kwenda kuitikia hodi.

Nikajaza ufundi kutoka daftari la mama, halafu nikaiamuru programu iongeze asilimia kumi na nane juu ya mistari yote. Jumla ikaruka ikapita mkataba. Nusu saa nzima natafuta kosa, jasho linanitiririka, feni inanicheka. Kumbe bei ya ufundi kwenye daftari la mama ilikuwa na kodi tayari ndani yake, na mimi nimeitoza kodi tena. Nilikuja kugundua kwa alama ndogo ambayo baba aliiweka kwenye kila mstari wake: bei bila kodi. Nikaitoa VAT kwenye ufundi, nikauacha mtupu kama mistari yake. Jumla ikakaa sawasawa na mkataba, mpaka shilingi ya mwisho. Bei, chini yake VAT, chini yake jumla kuu. Nakwambia niligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu amesimama.

Nikabonyeza kutuma. Yakatokea maneno ambayo baba aliyapachika yaende na kila ankara: "Salaam. Ankara hiyo hapo. Ukiona kosa nipigie tu, nipo."

Kuyafuta ni kazi ya sekunde mbili. Badala yake nikacheka, kile kicheko cha msibani kinachokutoka bila idhini. Nikasema acha, mzee naye ashtuke kidogo, si tunashtuka wote? Nikatuma.

Haikupita robo saa, simu ya baba ikalia. Mama huichaji kila siku na kuirudisha juu ya kabati, na sijapata kumuuliza kwa nini. Mlio wake ni jogoo anayewika. Tangu mazishi jogoo huyo hakuwika. Mama akatoka jikoni mikono imejaa unga, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole, sauti ikatoka nje.

Kisha mzee, sauti ndogo kabisa: "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, baba," mama akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Alhamdulillahi, ni wewe." Akavuta pumzi. "Nimeletewa barua, mwanangu. Ina jina la mumeo. Inasema nipige, yupo. Na mimi nimemtia udongo kwa mkono huu."

Mama akanitazama.

"Nikapiga," mzee akasema. "Sijui kwa nini nimepiga."

Akakohoa, akarudi kwenye biashara. "Hesabu ni safi. Mhasibu yuko hapa, anasema kodi imekaa mahali pake. Lakini siwezi kumlipa marehemu. Nileteeni hiyo hiyo kwa jina la aliye hai, Jumatatu mafundi wapate chao."

"Inakuja sasa hivi, baba. Tuwie radhi."

Mama akajifuta unga, akaja kusimama nyuma ya kiti, akasoma ile barua midomo ikitembea. Alipofika kwenye "nipo" akaanza tena juu. Nikamwambia nisamehe mama, nalitoa jina la baba naweka lako. Nikapeleka kidole. Akanishika mkono.

"Kabla hujalitoa," akasema, "nitumie na mimi moja."