Bibi Harusi na Panki

Miaka ile viwanda vya minofu vilipoanza kuota ufukweni Mwanza kama uyoga, sangara alipanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukabakiwa na mapanki: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Fundi mmoja wa mabango aliuchora msiba huo kwenye ukuta wa banda la samaki pale Mkuyuni. Bwana mwenye tumbo kama ngoma amekumbatia mnofu. Kando yake mwanamke mwembamba ameshika panki. Kila nilipopita hapo nilisimama kutazama. Nilikuwa kidato cha tatu, na nilishaamua kuiliza dunia.

Mwalimu wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao aliniachia boksi la udongo wa plastiki, wa rangi rangi, ule unaokuwa mgumu ukiokwa. Nikamfinyanga yule bwana, urefu wa kidole gumba, suti nyeusi. Mwanamke alipata gauni jeupe, kwa sababu rangi nyingine zote ziliishia kulijaza tumbo la bwana chini ya suti. Panki peke yake lilinichukua siku mbili; kila mwiba niliuchonga kwa wembe.

Mama alikuwa akioka keki za harusi kwa sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko. Keki ya Jumamosi ilipotoka, nikaviingiza visanamu vyangu sufuriani, moto ukiwa umefifia. Niliporudi kutoka kuchota maji, vilikuwa vimesimama juu ya keki. Maharusi wa plastiki aliowanunua mama walikuwa wamevunjika vichwa asubuhi hiyo, na hii ilikuwa oda yake kubwa ya kwanza.

"Mwanangu, umeniokoa! Hata shada la maua umekumbuka!"

Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Ukumbini nilijibanza nyuma ya spika. Wageni wakaja kutazama.

"Mwone bwana harusi! Tumbo lake lile lile!"

"Na maua gani haya, mwenzangu?"

"Ya kisasa. Wewe utayajulia wapi?"

Kisha bwana harusi, msimamizi katika kiwanda cha minofu, akainama, kisu mkononi. Akakodoa macho.

"Hili ni panki."

Mama akashika ukingo wa meza.

"Nani ametengeneza?"

"Mwanangu," mama akajibu. Nikaiona biashara yake ikizama ziwani.

"Sasa nani alimwambia kuwa mke wangu nilimkuta akiuza mapanki?"

Bibi harusi akacheka hadi wanja ukamchuruzika mashavuni. Shangazi zake wakapiga vigelegele. Hatimaye sanaa yangu ilikuwa imemliza mtu.

Tukirudi nyumbani na sinia tupu, mama, oda mbili mpya mkononi, aliniuliza, "Kwa nini ulimpa tumbo kubwa vile?"

"Ule ni unyonyaji, mama."

Akahamishia sinia kwapani.

"Haya. Lakini wa Jumamosi ijayo ni mwembamba. Mpunguzie unyonyaji."