Mlezi wa Mashine ya Nukta Nundu

Mpwa wangu ni fundi wa kompyuta katika shule ya watoto wasioona, na akili zake amezirithi kwangu. Mama yake, yaani dada yangu, akisikia hivyo hucheka mpaka ashike mlango. Acha acheke. Yeye alimpa urefu, akili nilimpa mimi. Tunamwita Njiti kwa sababu ni msichana mwembamba, na kwa sababu mimi ndiye niliyeanza, na jina nikishalitoa mimi halirudi.

Njiti ana kigugumizi. Tangu utoto maneno yake hufika mlangoni yakasukumana, likatoka moja limechoka. Dukani, hospitalini, ofisini, nilikuwa namsemea mimi. "Anataka kalamu ya bluu," nasema, naye anaitikia kwa kichwa. Siku nyingine alikuwa anataka nyekundu, lakini mtoto ana adabu, anaichukua hiyo hiyo ya bluu.

Kwenye kompyuta hana kigugumizi hata kidogo. Vidole vyake vinaongea kama mimi nikishiba.

Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo ya magodoro. Sasa kuna seva, ambayo ni kompyuta kuukuu aliyoilaza ubavu juu ya meza na kuivua mfuniko ipate hewa, na feni imeelekezwa kwake kama kwa mgonjwa. Humo ndimo vinamokaa vitabu vyote vya shule, na kompyuta za madarasani huvichukua humo. Zote zinatumia mfumo huria. Nilimuuliza huria ndiyo nini. Akanieleza kwamba ni programu ambazo waliozitunga wameziacha wazi: mtu yeyote azitumie, azifumue aone zilivyoshonwa, arekebishe panapombana, ampe na jirani.

"Bure?"

"B-bure."

"Basi kuna kitu wanaficha."

"Mjomba, zi-ziko wazi. Wafiche wa-wapi?"

Nikamwacha ashinde. Ni mtoto wa dada yangu.

Fahari ya chumba kile ni mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vitone vilivyoinuka ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole. Ni kubwa kama cherehani mbili, na ikifanya kazi inalia kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Kiwanda kilichoiunda kilishaisahau zamani. Inaishi kwa sababu ya programu moja ndogo, nayo ni huria, inayochukua maandishi ya kompyuta na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inakielewa. Mwalimu wa darasa la tatu, mama asiyeona mwenye mdomo mkali, huingia asubuhi kuchukua kurasa zake na kuzipapasa pale pale.

"Njiti, leo una mgeni," alisema siku moja.

"Umejuaje, mwalimu?" nikauliza.

"Kiti kimelia. Hakina uzoefu wa mizigo."

Mwanamke akisema kweli, mimi hutazama dirishani.

Siku hiyo hiyo Njiti alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Watu wa mfumo huria wametawanyika dunia nzima, na kila programu ina mlezi wake, mtu aliyejitolea kuitunza, kuiziba ikitoboka na kuishona upya mfumo unapokua. Mlezi wa programu ya mashine yetu alikuwa mzee wa mbali huko, na aliandika kwamba amechoka, anaiachia. Hakujitokeza wa kuipokea. Likatoka tangazo: ikikosa mlezi, toleo jipya la mfumo litatoka bila hiyo programu.

"Si mbaki na toleo la zamani?" nikasema. Hata mimi nina mawazo.

"La zamani wa-wataacha kuliziba. Se-seva itaingiliwa na wezi wa mtandao."

"Basi jitengenezee ya kwako hapa hapa."

"Naweza. Lakini kuna shu-shule nyingine zina mashine kama hii, na hazina..."

"Hazina Njiti," nikamalizia.

"Ha-hazina fundi," akasema, akaona haya.

Akaandika kwamba yeye yuko tayari. Kumbe kwa muda mrefu alikuwa akimtumia yule mzee marekebisho, na mzee alifurahi kama aliyepata mkwe. Ila wale watu wana desturi yao. Hupewi ruhusa ya kuweka programu kwenye ghala lao kwa maneno ya kuandikiana tu. Lazima mwenzao mmoja akuone kwa macho, akague kitambulisho chako, na ahakikishe alama yako, safu ndefu ya herufi na tarakimu ambayo ni yako peke yako, kama nyayo. Tukakaa tukingoja, na karibu yetu hakuwapo hata mmoja. Tangazo bado lipo, mashine inalia bisi zake, na Njiti anazidi kuwa mwembamba, jambo ambalo sikudhani linawezekana.

Halafu mmoja akaja mjini kufundisha kwenye chuo. Akamjibu Njiti: njoo mchana, tukutane kantini.

"Mjomba, ni-nisindikize."

"Hilo nalo la kuuliza?"

"Lakini u-usiongee."

"Mimi?" nikasema. Nilishangaa kweli.

Nilivaa koti. Nilitegemea kumkuta bwana mkubwa mwenye tai. Nikakuta jamaa mwenye upara, amevaa ndala na mkoba mgongoni, anakunywa chai kwa kuipuliza. Nikaanza kumweleza kuhusu shule, ukoo wetu, na bidii ya mtoto huyu tangu akiwa anatambaa. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akachukua kitambulisho cha Njiti, akatazama picha, akamtazama mwenyewe, akatazama picha tena. Akatoa karatasi yake.

"Haya dada, nisomee alama yako. Mimi nafuatisha hapa."

Njiti akaganda. Mkononi alikuwa na kikaratasi chake. Mimi nikanyoosha mkono. "Lete nisome."

Jamaa akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Anasoma mwenye alama. Na mimi nilipokewa hivyo hivyo."

"Huyu ana kigugumizi, bwana."

"Sina haraka," akasema, akaweka kalamu kwenye herufi ya kwanza.

Sasa niwaeleze kitu ambacho watu wenye ndimi nyepesi hawakijui. Mwenye kigugumizi ana njia zake za mkato. Njiti akishindwa na "baba" husema "mzee", akishindwa na "kesho" husema "siku ijayo", anazunguka nyuma ya nyumba anaingilia dirishani. Lakini alama haina dirisha. B ni B, haina jina lingine. Na kila herufi ni mwanzo mpya, na mwanzo ndipo penye tabu.

Akaanza. D. Tisa. A. N-nne. F ikamsumbua, ikatoka. Akafika kwenye B.

Haikuja. Midomo imefumbwa, shingo imesimama mishipa, macho yamefungwa. Meza ya jirani wanafunzi walikuwa wanacheka mambo yao, wakanyamaza, ikawa mbaya zaidi. Mimi B ile nilikuwa nayo mdomoni kabisa, imeiva, nimeishika kwa meno. Nikafungua mdomo. Njiti, bila kunitazama, akainua kidole kimoja upande wangu.

Nikaufunga.

Yule jamaa hakutabasamu kumtia moyo, hakuitikia kwa kichwa, hakufanya lolote kati ya yale tunayofanya sisi wenye huruma nyingi. Alikaa tu, kalamu juu ya herufi, kama mtu anayengoja maji yachemke na ana hakika yatachemka.

"B," akasema Njiti.

Na iliyofuata, sijui ni nani anayezipanga hizi alama, ilikuwa B nyingine.

Alizisoma zote. Kwenye ya mwisho sauti ilikuwa imekauka, kwapa zimelowa, na jamaa akaweka alama ya vema, akakunja karatasi yake. "Ni yenyewe. Karibu kwetu, dada." Halafu akauliza ile mashine inaliaje, na Njiti akamwigizia, tu-tu-tu-tu, wakacheka wote wawili. Wakaongea mpaka kantini ikaanza kufagiwa. Maneno yake yalikwama kama kawaida, na hakuna aliyeyavuta. Mimi nilikuwa nimekaa na koti langu.

Programu ilibaki. Toleo jipya lilipotoka, Njiti alilifungua mbele yangu akanionyesha palipoandikwa mlezi, na hapo pana jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho. Nikaligusa kwa kidole juu ya kioo.

Asubuhi yake mwalimu wa darasa la tatu aliingia kuchukua kurasa, na Njiti akamsimulia mwenyewe habari ya kantini, tangu mwanzo, ikachukua muda wake.

"Na huyu mjomba wako alifanya nini huko?" mwalimu akauliza.

"Nilinyamaza," nikasema.

"Wee! Wewe?"

"Muulize mtoto."

Mwalimu akageuza uso upande wa Njiti, kurasa kifuani, akasubiri. Njiti akanitazama. Neno lilikuwa linakuja, nililiona tangu mbali, na tulilingoja sote.