Zinia za Mama Hadija

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Newala, nilikabidhiwa jembe, reki na keni ya kumwagilia iliyozibwa tundu kwa kipande cha sabuni. Msimamizi wa bustani, tuliyemwita Bwana Bustani, aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama, akanyoosha kidole kwenye vumbi mbele ya ofisi ya wilaya.

"Wageni wa msimu wa korosho wanakuja kiangazi," akasema. "Nataka wakute rangi hapa. Mengine utajifunza."

Nilijifunza. Maua tuliyopanda yalikuwa ya msimu mmoja, yaani huota, huchanua na kufa ndani ya miezi michache, na tegemeo letu lilikuwa zinia kwa sababu hazibabaishwi na jua. Mbegu tulizisia kitaluni, kwenye udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza; niliwahi kuua kitalu kizima kwa haraka zangu. Mche ukifikisha majani manne unahamishwa jioni, jua likishapoa. Ukirefuka unaukata ncha ili utoe matawi. Ua likinyauka unaliondoa, mmea utoe jingine, ila yaliyo bora unayaacha yakaukie pale pale upate mbegu.

"Na usizilimbikize," Bwana Bustani alinionya. "Mbegu ya zinia ni ya kupandwa mwakani. Ukiiweka miaka, unatunza makapi."

Mtihani ulikuwa maji. Tangi la ofisi lilijazwa na boza, lori la maji, nami nilimwaga keni ishirini asubuhi na ishirini jioni. Wakati huohuo mke wangu, Mama Hadija, alikuwa ameteremka na wenzake tangu alfajiri hadi kisimani bondeni, kisha akapanda mlima na ndoo moja kichwani. Maji ya ofisi hayakuruhusiwa kutoka getini, na mimi niliogopa kufukuzwa. Nilirudi nyumbani miguu imelowa, nikanywa maji yake. Naona aibu kuliandika hili.

Kila kiangazi aliniomba jambo moja.

"Baba Hadija, hapa kando ya jiko patapendeza. Hata mstari mmoja tu."

"Kwa maji gani, Mama Hadija?"

"Ya kuoshea vyombo si yapo?"

"Nikistaafu nitakupandia ua mzima."

Majirani walimtania kwamba mganga hajigangi, naye akicheka pamoja nao. Mimi nilidhani amesahau.

Baadaye nilihamishiwa Masasi, chini ya Ofisa Utumishi aliyepima mistari ya maua kwa kamba na kunifokea mche mmoja ukipinda. Mke wangu alibaki Newala na mikorosho yetu. Kila mwisho wa mwezi nilipanda basi kwenda kumwona, nikiwa na nguo chafu za kazi, naye akanifulia. Ndivyo tulivyoishi miaka tisa. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili kustaafu alipougua tumbo, na sikumuwahi akiwa hai.

Baada ya arobaini, binti yangu Hadija aliniletea kifurushi alichokikuta nyuma ya mtungi. Ndani mlikuwa na vipande tisa vya khanga kuukuu, kila kimoja kimefungwa fundo.

"Ni mbegu, Baba," akasema. "Mama alikuwa akiziokota kwenye mapindo ya suruali zako kabla ya kufua. Kila mwaka fundo lake. Alisema anakusubiri ustaafu."

Nililia mbele ya mwanangu. Mtaalamu wa zinia ni mimi, na sikuwahi kumwambia mke wangu kwamba mbegu hizo hazisubiri.

Nilizisia hata hivyo, kando ya jiko, kila fundo mstari wake, la zamani kwanza. Mistari minane haikutoa kitu. Wa tisa, wa mwaka wake wa mwisho, ulitoa miche mitatu.

Ninyi mnaoanza kazi hii, jifunzeni kitalu, jifunzeni samadi, na mstari wenu wa kwanza pandeni nyumbani kwenu. Sina ushauri mwingine.

Siku hizi bomba limefika, liko hatua nne kutoka jikoni. Yeye hakulikuta. Kila asubuhi najaza keni mpaka juu na kuimaliza yote kwenye miche ile mitatu. Najua ni maji mengi mno kwa zinia. Namwaga tu.