Pakiti Niliyowaonyesha Wajomba

Aibu hii niliitafuta mwenyewe. Juzi, nikitafuta salfa ya kupulizia mikorosho nyumbani kwa mwanangu Hamisi, hapa Mtawanya, nilipekua kapu la mkewe, Somoe, nikakuta pakiti ya kondomu. Nilishtuka. Kwa akili zangu za kizee, mke wa ndoa hana kazi nazo. Sikumuuliza mtu, nikaita wajomba wa pande zote mbili.

Walipokaa mkekani pamoja na Hamisi na mkewe, nikainua ile pakiti. "Haya mkwe, hizi unazitumia na bwana gani?"

Somoe akainama. Mjomba wake akafoka, "Mpwa wangu, unatuvua nguo! Jibu!"

"Sina la kusema, mjomba."

"Basi mchukueni, arudi kwenu," nikasema.

Hamisi akasimama. "Baba, hizo nimezileta mimi. Napewa kliniki pamoja na dawa zangu za virusi, mwaka wa tatu huu. Mke wangu hana virusi, ndiyo maana tunazitumia. Alikuwa radhi aitwe malaya kuliko kunitaja."

Wajomba wote wakanigeukia. Mkono wangu ulikuwa bado juu, na pakiti.