Kumnunua Mama Mnadani

Mnada ninaoujua mimi una vumbi. Una ng'ombe anayefunguliwa mdomo aangaliwe meno, una dalali mwenye fimbo, una mnunuzi anayemzunguka mnyama huku akijifanya hamtaki. Ukitapeliwa, umetapeliwa na mtu uliyemwona uso. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, aliyehamishiwa Bariadi kutoka Tanga na ambaye hajawahi kukanyaga kinyesi cha mnada wowote, aliponiambia ameniingiza kwenye kundi la mnada wa vitabu vya kale, mnada wa kwenye simu, nilicheka. Baada ya wiki moja humo ndani sikucheka tena. Nilikuwa nashangaa tu.

Watu wazima, wenye kazi na familia zao, walikuwa wanagombea tiketi ya treni iliyokwisha kutobolewa. Walipandishiana dau kwa ajili ya lebo za viberiti, kalenda zilizopitwa na wakati, risiti ya duka la baiskeli ambalo halipo tena. Neno "adimu" walilimwaga kama maji ya kuoshea vyombo. Kitabu kisicho na jalada kiliitwa adimu, chenye jalada adimu sana, na kilichotafunwa na mchwa mpaka katikati kiliandikwa "hali nzuri kwa umri wake". Kuna bwana mmoja alikuwa akishinda lazima aandike kwamba anaipenda harufu ya karatasi kongwe. Harufu! Katika muda wote niliokaa humo sikumwona hata mmoja akisema amekisoma kitabu alichonunua.

Ningetoka, na ningetoka kwa kelele, lakini Jumamosi moja mchana dalali wa kundi alitundika, mwisho wa dau kesho yake jioni, kijitabu chembamba cha kilimo bora cha pamba, kile ambacho mabwana shamba waliwagawia wakulima zamani, mimi sijazaliwa. Kwenye jalada palikuwa na mwanamke kijana anavuna pamba, ameinua uso anacheka, mwanya unaonekana wazi. Pamba alikuwa anaichuma kwa mkono wa kushoto.

Nilikaa chini. Yule alikuwa mama yangu.

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo halikuwa dogo nyumbani kwetu. Mama alipoolewa Ngulyati, siku moja ya mavuno lilikuja gari la idara ya kilimo, akashuka mtu mwenye kamera, akamwambia acheke, akampiga picha, akaondoka. Shangazi yangu, dada yake baba, siku hiyo alikuwa ameenda kusaga. Aliporudi na kusikia habari hiyo alimwangalia wifi yake kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Nani akupige picha wewe," alisema, "na magaga hayo?"

Utani wa mawifi ni kitu cha kawaida, na kwa kawaida unachosha ukaisha. Huu haukuisha. Shangazi aliubeba harusini, kisimani, kanisani baada ya misa. Mama akisema ameona nyoka, shangazi anauliza kama nyoka naye alikuwa na kamera. Akisema anaumwa, shangazi anashauri aitwe mpiga picha. Ukoo mzima ulijifunza kwamba maneno ya mama yanapunguzwa nusu kabla ya kuaminiwa, na sisi watoto tulijifunza hivyo hivyo. Mama hana picha nyingine yoyote ya ujana wake. Amezeeka akiitwa mwongo kwa jambo alilolifanya kweli, na shangazi anakaa nyumba ya pili, ana afya njema, na hajachoka.

Msomaji atasema ningeihifadhi ile picha kwenye simu, basi. Nilifanya hivyo. Lakini dalali wetu, kwa kuogopa wezi, alikuwa ameandika jina la mnada wake kwa herufi nyekundu mshazari juu ya picha, kuanzia kwenye paji la uso hadi kidevuni. Mama alionekana kama mzigo uliopigwa muhuri bandarini. Nilimpelekea Ngulyati hivyo hivyo. Aliiangalia kwa muda mrefu, akaniomba nimsomee maelezo, nikamsomea mpaka kwenye hali nzuri kwa umri wake.

"Hata mimi waniandikie hivyo," alisema.

Shangazi aliitazama kwa sekunde moja. "Siku hizi simu inatengeneza chochote," alisema. "Juzi wajukuu wamenionyesha mbuzi anaendesha trekta."

Hapo nikaelewa kwamba bila karatasi yenyewe, iliyochapwa enzi zile, yenye kutu ya pini zake, mama atakufa mwongo. Nikarudi mnadani.

Sasa mimi niliyekuwa nawacheka wapenda harufu nikawa mmoja wao. Niliweka dau. Mtu mmoja akalipandisha. Nikapandisha, naye akapandisha. Alijiita Mzee wa Pamba, na mahali pa sura yake alikuwa ameweka picha ya dume la ng'ombe. Tulianzia bei ya kuku, tukapita ya mbuzi, tukawa tunaikaribia ya ndama, na kila nilipoandika, lile dume lilijibu papo hapo. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilijiambia ni mmoja wa wale wastaafu wenye kabati la vioo sebuleni, lililofungwa kwa ufunguo, vitabu vimepangwa kwa urefu.

Mume wangu alipita nyuma yangu na kikombe cha chai, akainama kutazama.

"Huyo dume namjua," alisema.

"Dume gani?"

"Huyo. Pembe ya kulia imeinamia jicho. Ni dume la mzee."

Mzee ni baba yake, bwana shamba mstaafu anayekaa Mwanhuzi, mwenye kabati la vioo sebuleni lililofungwa kwa ufunguo. Watu wetu ni wa ajabu. Mume wangu amemjua mama mkwe wake miaka yote, ameitazama picha ile pamoja nami asubuhi na kusema labda ndiye, labda siye. Ng'ombe alimtambua kwa pembe moja.

Basi mambo yakaharibika kwa heshima. Mtu hashindani na mkwe. Kwenye mnada wa ng'ombe wakwe wakijikuta wanamtaka mnyama mmoja, mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande wa mbuzi. Mimi ambaye nikimsalimia mzee yule napiga magoti, nimeshinda mchana kutwa nikimpandishia dau mbele za watu! Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Sikuweza pia kumpigia kumwambia achia, kwa sababu mkwe haombwi hivyo. Unaombewa na mtu mwingine, tena kwa kuzunguka. Nikaandika kwenye kundi: "Naomba radhi. Naondoa dau langu."

Nisichokijua ni kwamba mume wangu alikuwa ametoka nje kumpigia baba yake, kumwambia anashindana na nani. Dakika ile ile likatokea jibu la dume: "Na mimi naondoa la kwangu. Siwezi kushindana na mkwe wangu."

"Baba, endelea tu wewe," niliandika.

"Hapana, mayu," aliniita mama kwa Kisukuma. "Chukua wewe."

"Baba, mimi ni mtoto. Siwezi kukutangulia."

"Mayu, nimeshasema. Wabeja sana kwa heshima yako."

Dalali akaingilia: "Jamani, huu ni mnada au kikao cha posa?" Watu wakacheka kwa vile vikatuni vyao vya machozi. Mimi nilikuwa naandika ujumbe mrefu wa adabu, wenye salamu kwa mama mkwe ndani yake, wakati mtu wa tatu, aliyekuwa kimya siku nzima, mwenye picha ya kikombe cha kahawa, alipoweka dau dogo la kuku mmoja. Muda ukaisha. Dalali akaandika kwa herufi kubwa: KIMEUZWA.

Mzee alimpigia mume wangu jioni hiyo, na nilimsikia kwenye spika. "Tumempa mgeni ng'ombe wetu," alisema, "kwa sababu ya kupishana mlangoni." Alisikitika kweli. Alikuwa amevigawa vijitabu vile kijiji kwa kijiji kwa baiskeli na hakujibakizia hata kimoja. Lakini na yeye alikuwa amesikitika kwa adabu, na mimi nilikwisha shiba adabu. Tumefundishwa kupiga magoti vizuri sana. Hakuna aliyetufundisha kusema, baba, picha hii ni ya mama yangu, nakuomba uniachie.

Wiki mbili baadaye mshindi alituma picha ya kushukuru. Ana mgahawa Mwanza, ule wa viti virefu na taa zinazoning'inia bila vivuli. Alikuwa amekata jalada kwa wembe, akalitia kwenye fremu, akalitundika. Kurasa za ndani, zile zilizowafundisha watu nafasi ya kuacha kati ya shina na shina, alikuwa amezibandika kwenye ukuta wa msalani. Kundi lilimpongeza. Bwana wa harufu aliandika kwamba hatimaye historia imepata nyumba.

Nilimwandikia mwenye mgahawa, safari hii bila kuzunguka. Nilimweleza mwanamke yule ni nani, nikamwambia nitanunua kwa bei atakayotaka. Alijibu kwa upole sana. "Dada, hadithi nzuri mno! Ila lile jalada ni sehemu ya dhana nzima ya mgahawa. Karibuni mje kulitazama, mlango uko wazi kwa wote."

Dhana nzima. Mama yangu alikuwa amekuwa dhana.

Nikaenda Ngulyati kumweleza mama kwamba karatasi ipo, na haitarudi. Alisema twende tukaione. Shangazi alisikia, akavaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Hakuficha sababu yake. Alisema anataka kuwepo tutakapogundua kwamba aliye pale ukutani si mama, ni mwanamke wa Kihaya.

Mgahawa ulikuwa na vijana wenye kompyuta mbele yao na kikombe kimoja kilichokwisha kupoa. Jalada lilikuwa kwenye ukuta wa mbele, limemulikwa na taa yake peke yake, na chini yake kibao kidogo: "Tabasamu la Usukuma". Hakuna aliyejisumbua kuuliza tabasamu hilo lina jina. Mwenye mgahawa hakuwepo siku hiyo. Mhudumu alitupa orodha ya vinywaji ambamo chai iliandikwa kwa maneno ya mistari mitatu.

Shangazi alisimama mlangoni akakodoa macho. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akaja, akachagua kiti cha kuupa ukuta ule mgongo, akaketi.

"Watu wanafanana," alisema.

Nilitaka kumnyanyua nimgeuze kwa nguvu. Nilikuwa nimesafiri na hasira tangu Bariadi. Lakini mama alikuwa amekwenda mwenyewe mpaka kwenye fremu. Alisimama chini yake, mfupi, mkono wa kushoto umeshika pochi yake, akaangalia juu. Hakulia wala hakutabasamu. Alikuwa anamtazama binti yule kama mtu anayehakikisha kwamba hajasahau kufunga kitu.

Msichana mmoja aliinuka na simu yake. Alikuwa mzuri, amesuka vizuri, na sidhani kama alikuwa na ubaya wowote. Alisimama pembeni ya mama, akasubiri kidogo, kisha akamgusa bega.

"Samahani bibi, unaweza kusogea? Unaziba picha."

Mama akasogea. Hicho ndicho kilichonichoma. Alisogea upesi, kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekutwa amesimama shambani kwa wengine.

Kiti cha shangazi kilianguka.

"Wee binti! Unamwambia asogee? Asogee aende wapi? Huyo ukutani ni yeye! Ni wifi yangu huyo! Amepigwa kwenye shamba la baba yangu, anavuna pamba ya baba yangu, na mkono wake huo huo wa kushoto! Lilikuja gari! Muulize mtu yeyote Ngulyati, nani asiyejua kwamba lilikuja gari?"

Mhudumu alibaki ameshika sinia. Machozi yalikuwa yanamtoka shangazi kwa hasira, na mimi nilisubiri aone alichokisema, ageuze maneno, asingizie kitu. Hakugeuza. Alimshika mama mkono akamrudisha pale pale chini ya fremu, akamsimamisha.

Msichana alimtazama mama, akatazama ukutani, akamtazama mama tena. Mdomo ukamfunguka.

"Mungu wangu, kweli," alisema. "Basi bibi, baki hapo hapo. Cheka kidogo, niwapige wote wawili."

Mama alivuta kitenge chake begani.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mimi nilishapigwa."