Vidonge vya Fosfeti na Mwalimu wa Kemia

Nilifundisha kemia miaka mingi huko Nuu, nikastaafu nikiamini hakuna dawa yoyote ya kunisumbua akili. Kisha figo zangu zikagoma. Nikaanza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki katika hospitali moja mjini, safari ya kuondoka kwetu Kalamba alfajiri. Daktari aliniandikia vidonge vya kupunguza fosfeti, madini ya chakula ambayo figo zilizogoma haziwezi kuyatoa, akaanza kunieleza namna ya kuvitumia. Nikamkatiza.

"Daktari, fosfeti naijua tangu hujazaliwa."

Alitabasamu kwa adabu, akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani nikajipangia utaratibu wangu. Nikiamka tu, nameza vidonge vya siku nzima kwa maji ya uvuguvugu, tumbo likiwa tupu. Niliona kwamba dawa isiyosukumana na chakula itafika kwenye damu haraka. Mke wangu alisoma pakiti, akasema, "Hapa wameandika pamoja na chakula."

"Hayo huandikiwa watu wenye vidonda vya tumbo," nikamjibu.

Baadaye, mchana, nilikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pamoja na ndengu bila wasiwasi wowote, na supu ya mifupa ikipatikana.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kuwashwa. Mgongo, miguu, hata nyayo. Jumapili moja kanisani, wakati wa maombi, mwasho ulinishika vibaya nikasimama, nikaegemea nguzo na kujikuna mgongo huku na huku, macho nimefumba kwa utamu. Mchungaji alipaza sauti: "Bwana anamgusa Mwalimu!" Kanisa zima likapiga makofi. Ningefanya nini? Niliinua mikono, nikaendelea kujikuna.

Wiki hiyo majibu ya damu yalionyesha fosfeti imepanda sana, na ndiyo iliyokuwa ikiniwasha. Nesi aliyekuja kukaa kando ya mashine yangu alikuwa mwanafunzi wangu wa Nuu. Nilimkumbuka kwa mwandiko wake mbaya.

"Mwalimu, vidonge unakunywa saa ngapi?"

Nikamweleza utaratibu wangu kwa fahari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika mdomo.

"Mwalimu, hiyo dawa haiendi kwenye damu. Inakaa tumboni, inanasa fosfeti ya chakula kabla haijaingia mwilini. Kama hakuna chakula, hakuna cha kunasa."

"Halafu inakwenda wapi?"

"Chooni."

Kwa hiyo miezi yote hiyo nilikuwa nikitibu choo. Na ni choo cha shimo, hakikuwa na shida yoyote.

"Ulikuwa unaniandikia kwa wino mwekundu," akaongeza taratibu, "'Soma maagizo.'"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nilikuwa nimefungwa mirija mkononi. Akaendelea kunifundisha. Fosfeti ikizidi kwenye damu, alisema, inakamatana na kalsiamu. Protini za damu huzifunika zisigande ovyo, ndipo zinakuwa chembe ndogo mno zinazoelea. Chembe hizo zikizidi na kukomaa, inaaminika zinachangia kuifanya mishipa kuwa migumu. Mara ngapi nimechanganya maji mawili maangavu mbele ya darasa, yakageuka meupe kama maziwa, nikawaambia watoto wapige makofi? Sikuwahi kufikiria jambo kama hilo likitokea ndani yangu.

Madaktari pale walikuwa wakifuatilia wagonjwa wanaotumia vidonge hivyo, waone kama chembe zinapungua. Nikakubali damu yangu ipimwe, nusu kwa ajili ya sayansi, nusu kwa ajili ya heshima yangu. Nikaanza kumeza vidonge katikati ya mlo, supu ya mifupa nikaiacha, na ndengu, zenye fosfeti nyingi, nikapimiwa na mke wangu kwa kijiko. Baada ya wiki chache mwasho ulipungua. Mama mmoja wa kwaya, akiniona nimetulia kwenye maombi, alinivuta kando akaniuliza kwa huruma kama nimerudi nyuma katika wokovu.

Siku ya majibu nilivaa koti. Nesi alisema fosfeti imeshuka, na chembe pia zimepungua.

"Kwa hiyo mishipa yangu inapona?"

"Hilo bado halijulikani, Mwalimu. Tunajua chembe zimepungua. Kama hilo litaikinga mishipa na moyo wako, bado watu wanachunguza."

Jibu hilo lilinikera. Nimezoea maswali ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu. Nilimuuliza tena kwa njia nyingine, naye akajibu vilevile, bila kusitasita, na hapo nikaona alikuwa amesoma vizuri kuliko mwalimu wake.

Mke wangu alikuwa akinisubiri nje kwenye benchi.

"Wamesemaje?"

"Zimepungua."

"Na ndiyo kusema umepona?"

"Sijui," nikasema.

Aligeuka kunitazama. Nadhani katika ndoa yetu yote hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Kisha akachukua mfuko wake, tukaenda kutafuta chakula.