Jinsi Shamba la Mavivi Lilivyofanywa Mila

Waasi walipokuwa wakitawala Beni, mkulima hakuruhusiwa kulalamika mbele ya mgeni. Lakini kila sherehe ilikuwa na shairi, na shairi lilikuwa na nafasi yake: baada ya kwaya, kabla ya hotuba ya komanda. Mjane aliyenipangisha chumba ndiye aliyeuona mwanya huo. Askari walikuwa wamepiga mahema katika shamba lake la muhogo kule Mavivi, karibu na uwanja wa ndege, naye alikuwa amezunguka bureau zote za wakubwa mpaka walinzi wakamzoea.

"Kila siku unasemaka maneno yako ya kufuatana hapa nyumbani," aliniambia. "Sasa ifanye kazi. Kuko Muzungu anakuya. Tia shamba yangu mule ndani."

Niliacha shule mapema, huko kwetu Butembo. Niliyoyajua niliyaokota njiani: Kyavinyonge nikipakua samaki, Luofu nikivuna viazi, na katika vipande vya magazeti vilivyofungiwa sabuni. Nilikuwa nimegundua kwamba ukimwambia mtu jambo kavu, anakukatiza kabla hujamaliza. Ukimpa mistari, anasubiri mwisho wake. Basi nikatunga.

Siku ya sherehe Muzungu alishuka kwenye ndege ndogo, akakaa chini ya hema kando ya komanda. Kwaya ikaimba. Nikasimama.

*Ndege inabeba mutu mumoja na sanduku yake,*
*mugongo wa mama unabeba muhogo, kuni na mutoto.*
*Mungu alipaka batu rangi, njaa hakuipaka:*
*ni nani alisema njaa iko ya mweusi?*
*Mwenye bunduki analala juu ya muhogo,*
*mwenye muhogo analala bila kula.*

Niliogopa kumtazama komanda. Nilipomtazama, alikuwa anapiga makofi.

Muzungu alijua Kiswahili, kile cha vitabuni. Alielewa kila neno. "Vizuri sana!" alisema. "Huu ni wimbo wa mababu?"

"Ndiyo, monsieur," komanda alijibu. "Iko mila yetu."

"Hapana," nikasema. "Nimeutunga wiki hii. Shamba ni lile, nyuma ya mahema."

Muzungu alitabasamu kwa upole. "Naam. Kila mzee hupokea, kisha huongeza yake."

Mzee! Hata ndevu sikuwa nazo. Mjane akainuka katikati ya wanawake. "Mila gani? Ile shamba iko yangu! Mi niko babu ya nani?" Watu wakacheka, naye Muzungu akampiga picha. Komanda akaagiza nirudie. Nikarudia kwa hasira, karibu kupiga kelele, na kadiri nilivyokasirika ndivyo makofi yalivyozidi. Angenipiga, angenifunga, ningejua kwamba amenisikia. Hoja yangu haikujibiwa. Ilisifiwa.

"Bamepiga makofi," mjane alisema tukirudi. "Tutayapika na majani gani ya sombe?"

Asubuhi iliyofuata alichukua jembe na kikapu, akaniburuta mpaka Mavivi. Askari mmoja wa zamu alinitambua. "Ah, poète! Mutu ya mashairi, mutu ya mila! Na mama anatafuta nini?"

"Muhogo yangu."

"Komanda alikataza." Akakuna shingo. "Lakini wewe, petit, sema kwanza ile shairi ya ndege."

Nikakataa. Mjane, aliyekwisha kuchuchumaa chini ya shina, akanigeukia kwa ukali: "Sema!"

Nikasema. Wenzake wakatoka kwenye mahema, wengine na mswaki mdomoni. Kwenye mstari wa bunduki walicheka mpaka wakashikana mabega. Nyuma yao mjane alikuwa aking'oa. Nilipofika mwisho, askari akageuka: "Basi, mama. Inatosha."

"Endelea," mjane akaniambia.

"Imekwisha."

"Nani alikuambia imekwisha?"

Nikaanza kubuni. Nikaweka viatu vya ngozi vya komanda na kandambili zao. Nikaweka mama zao, kila mmoja na shamba lake mahali fulani, na askari wa mahali hapo akilala juu ya muhogo wake. Kijana mmoja aliacha kucheka. Nikafikiri, sasa. Sasa imeingia.

"Mama yangu njo vile vile," alisema. "Bamemufukuza kwa shamba." Akafikiri kidogo. "Rudia kale kapande ka mama. Kako kazuri."

Nikarudia, kwa kuwa kikapu kilikuwa hakijajaa. Kilipojaa, yule wa zamu akasema turudi kesho, ila nilete kitu kipya. Mjane alishukuru kwa Kinande, "Wasingya," bila kumtazama, akapitisha kamba ya kikapu kwenye paji la uso.

"Kesho mi siji," nilimwambia. "Sikutunga ili wacheke. Nilitaka watoke shambani."

"Na mi nataka batoke," alisema, ameinama, mgongo wake ukisubiri uzito. "Inua kwanza."